Ujira wa Akeshaye Usiku

Someni: Mwanzo 31:38–42, Walawi 19:13, Zaburi 104:20–23.

Ndugu wapendwa, Yakobo alipoachana na Labani alimkumbusha utumishi wake wa miaka 20: jinsi alivyoteswa na jua mchana na baridi usiku, na usingizi ukamkimbia. Mnyama akiibwa, alidaiwa yeye. Na ujira wake ulibadilishwa mara kumi. Angalieni, Yakobo haombi sadaka. Ataja haki yake.

Hata leo wako wasemao, “Mlinzi huketi tu; aongezwe kwa kazi gani?” Neno hili husikika hata katika baraza la wazee wa kanisa. Lakini akeshaye hutoa kitu asichokitoa mfanyakazi wa mchana, yaani usingizi wake na saa za kukaa na watu wa nyumbani mwake. Zaburi yatufundisha kwamba usiku ni zamu ya wanyama wa mwituni, na kazi ya mwanadamu hukoma jioni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, ya mwaka 2004, katika kifungu cha 20, yaagiza kwamba kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi iongezwe walau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Basi mtu alipwaye shilingi 1,000 kwa saa, kwa saa 8 za usiku astahili shilingi 8,400. Zile 400 si zawadi, ni deni. Azizuiaye amevunja amri ya saba: ameiba.

Walakini amri hii yamhukumu mfanyakazi pia. Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alimhesabu mtumishi asiye mwaminifu katika kazi yake kuwa mwizi. Apokeaye nyongeza ya kukesha, kisha akalala, amekula kisicho chake. Na mwenye gari aitwaye usiku kumpeleka mgonjwa hospitalini aweza kuongeza nauli kwa kiasi, akiitaja kabla ya safari. Bali akiigeuza hofu ya wenye mgonjwa kuwa faida yake, huo si ujira tena.

Maswali ya darasa:
1. Mlinzi wa usharika wetu hulipwa nini kwa saa za usiku?
2. Kitu kikiibwa, je, twamtendea kama Labani?
3. Naye, je, hukesha kweli?

Bwana asiyesinzia atupe mioyo ya haki.