Fizi Zinazotoka Damu na Ugonjwa wa Kisukari: Somo kwa Mtumiaji

Swali moja hurudi kila tunapozungumza na wateja wa maduka ya dawa Musoma, Bunda na Butiama: ni dawa gani ya meno inayozuia fizi kutoka damu? Ni swali la haki, maana mtumiaji analipa fedha yake na anataka kujua analipia nini. Jibu letu, hata hivyo, huwashangaza wengi, kwa kuwa nasi huuliza: umepima sukari lini?

Tuanze na bidhaa yenyewe. Kiswahili kimeiita "dawa ya meno", na jina hilo limewaponza watu wengi. Kilichomo ndani ya bomba ni kisafishio. Yenye floridi husaidia kuzuia meno kutoboka, na hiyo ni faida kubwa; lakini hakuna dawa ya meno, ya bei yoyote, inayoweza kuondoa ukoga uliokwisha kuganda na kuwa mgumu chini ya ufizi. Ukoga huo huondolewa kwa vifaa vya daktari au tabibu wa meno. Maneno ya kifurushi yanayoahidi kuponya fizi yasomwe kwa tahadhari.

Ugonjwa wa fizi huanza kimya. Saa chache baada ya kupiga mswaki, utando laini wa bakteria hujijenga upya juu ya meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Usipoondolewa, huganda. Mwili huupiga vita utando huo kwa mchochota, yaani uvimbe na wekundu, na ndiyo sababu ufizi hutoka damu ukiguswa na mswaki. Hatua hii bado inarudishika. Ikiachwa, ufizi hubanduka kutoka kwenye jino, mfuko hufanyika kati yao, na mfupa wa taya unaolishika jino huanza kuliwa. Mfupa uliopotea haurudi wenyewe. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao bilioni 1 duniani wana ugonjwa wa fizi uliofikia hatua kali, na wengi wao hawakuhisi maumivu hadi jino lilipoanza kucheza. Kama vidonda vyote vya mifuko hiyo vingekusanywa mahali pamoja, juu ya mkono kwa mfano, mwenye navyo asingelala bila kwenda zahanati.

Hapa ndipo sukari inapoingia. Mchochota wa kudumu hauishii kinywani. Kemikali ambazo mwili huzitoa wakati wa mapambano huingia kwenye damu na kuifanya insulini ishindwe kufanya kazi yake sawasawa, nayo insulini ndiyo inayoiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia katika chembe za mwili. Sukari hupanda. Upande wa pili, sukari iliyopanda kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu, hudhoofisha kinga, hukausha mate na kuchelewesha vidonda kupona, hivyo fizi huzidi kuharibika. Kila ugonjwa unaulisha mwenzake. Mafuta mengi ya tumboni yana sehemu yake pia, kwa kuwa nayo huchochea mchochota mwilini.

Ushahidi wa matibabu upo. Uchambuzi wa mtandao wa watafiti wa Cochrane, uliotolewa mwaka 2022 baada ya kukusanya majaribio 35, ulionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari waliotibiwa fizi kwa kusafishwa ukoga walishuka wastani wao wa sukari, kwa kipimo cha HbA1c, kwa takriban asilimia 0.4 baada ya miezi mitatu hadi minne. Aliyekuwa na 8.0 alikaribia 7.6. Si muujiza, wala si sababu ya kuacha vidonge au insulini. Lakini ni nafuu ya kweli, inayopatikana bila kuongeza dawa nyingine ya sukari.

Tuchukue mfano, ambao si wa mtu mmoja. Mama anachuuza dagaa Mwigobero. Fizi zimemtoka damu kwa miaka miwili. Anabadilisha dawa ya meno mara tatu, kisha gego linaanza kucheza na analing'oa. Kidonda kinachelewa kupona. Baada ya miezi michache analing'oa la pili. Usiku anaamka mara nne kukojoa na mchana ana kiu isiyoisha, naye anasema ni joto la ziwani. Amelipa mara tano mahali mbalimbali, na hakuna aliyempima sukari, wala yeye hakujua kwamba ana haki ya kuomba kipimo hicho. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uligundua kisukari kwa takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, na wengi huishi nacho bila kujua. Kwa hiyo, ukienda kung'oa jino lililolegea, omba kupimwa sukari kwanza. Na ukihudhuria kliniki ya kisukari, omba kinywa kikaguliwe, hata kama hakuna kinachouma.

Sukari ya 7.0 au zaidi kabla ya kula chochote kwa saa nane huhitaji kupimwa tena na mtaalamu ili kuthibitisha. Kwa anayejipima nyumbani, stripu ziwe za mashine hiyohiyo, kopo lifungwe mara moja baada ya kutoa moja, na tarehe ya mwisho wa matumizi isomwe kabla ya kulipa. Nawa mikono na ukauke. Kidole kilichotoka kumenya embe huonyesha sukari ambayo haimo mwilini.

Sasa tuje kwenye fedha inayopotea zaidi. Wapo wanaokwenda duka la dawa na kununua amoksilini au metronidazoli kila fizi zinapovimba. Uvimbe hupungua kwa wiki moja, ukoga unabaki palepale, na bakteria wanazoea dawa. Antibayotiki hutolewa kwa cheti, kwa sababu maalumu. Wapo pia wauzaji wa minadani na stendi wenye chupa moja inayotibu fizi, sukari, presha na nguvu za kiume. Muulize muuzaji namba ya usajili; dawa za asili nazo husajiliwa, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa kazi hiyo. Akikuambia uache insulini, ondoka. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini anaweza kufa ndani ya siku chache.

Jambo moja husahaulika hata na watu makini. Baadhi ya dawa huvimbisha fizi zenyewe: nifedipini ya presha ni mojawapo, na fenitoini ya kifafa. Usiache dawa hizo kwa uamuzi wako. Rudi kwa aliyekuandikia, kwani mara nyingi ipo mbadala. Mvutaji wa sigara naye ajue kwamba fizi zake huweza kuharibika bila kutoka damu nyingi, maana tumbaku hubana mishipa, hivyo asijipongeze mapema.

Wazee wa Butiama wanaikumbuka desturi ya Wazanaki ya kuchonga meno ya mbele. Mwalimu Nyerere mwenyewe alichongwa. Meno ya mbele hutunzwa kwa kuwa yanaonekana. Fizi mara nyingi huharibikia nyuma, kwenye magego, ambako kioo hakifiki. Piga mswaki mara mbili kwa siku, ukiufikisha huko. Mswaki wa mti unafaa pia ukitafunwa hadi uwe laini na kusuguliwa bila kuchubua ufizi.

Dawa yoyote ikikuletea uvimbe wa fizi, au ukiuziwa bidhaa inayodai kuponya kisukari, tutaarifu. Njoo na kifurushi chake, hata kama kimekwisha. Namba ya toleo iliyochapwa pembeni ndiyo tutakayoitafuta kwanza. Kama uliipata kwa mhudumu wa afya, mwombe ajaze fomu ya njano ya taarifa za madhara ya dawa. Kuijaza ni bure.