Kufundisha Uchaguzi wa Mfumo Endeshi wa Mtandao

Mwalimu anayetakiwa kuandaa chumba cha kompyuta katika shule ya msingi jirani na Mnazi Mmoja hapati taabu ya mashine. Atavuka Mtaa wa Lumumba, aingie Kariakoo, arudi na kompyuta kuukuu iliyo nzima. Taabu huanza anapochagua mfumo endeshi huria wa kuendesha mtandao, kwani kila fundi husifu wake.

Mifumo hiyo ni ya ukoo wa Unix. FreeBSD na OpenBSD zimetokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambacho mwaka 1983 kilitoa Unix yenye kanuni za mawasiliano zinazotumiwa na intaneti hadi leo. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991, na Debian imejengwa juu yake. Kila mmojawapo waweza kuendesha mtandao wa shule. Kwa hiyo sifa pekee hazitoshi kuamua.

Yafaa wanafunzi wapime wenyewe. Chukua kompyuta moja na diski mbili zisizo na kazi za mtu, kila diski na mfumo wake. Waya nao uwe ule ule, la sivyo mfumo utalaumiwa kwa kosa la waya uliolegea. Kutoka kompyuta nyingine, tuma pakiti 1,000 kwa amri ya ping. Zikipotea 3, hiyo ni asilimia 0.3, na hapo hisabati imejiingiza yenyewe. Kisha zima umeme ghafla, uurudishe, na wanafunzi wahesabu dakika hadi mtandao urudi bila kuguswa. Jaribio hili ndilo lenye uzito. Mashine isipowaka yenyewe, tazama kwanza mpangilio wake wa umeme.

Hapana budi pia kuuliza nani atautunza mfumo. OpenBSD hutoa toleo jipya kila miezi 6 na kutunza mawili ya mwisho tu. Toleo la Debian hutunzwa takriban miaka 5. Mimi niliwahi kuchagua FreeBSD, nikajivuna. Nilipohamishwa, hakuna aliyejua kuitengeneza, na watoto wakakaa muhula mzima bila mtandao. Kosa halikuwa la FreeBSD: sikuandika amri nilizotumia, wala sikumfundisha mwenzangu. Siku hizi nachagua Debian, kwa kuwa ni rahisi zaidi kumpata anayeijua Linux, na daftari la amri hukaa katika droo ya mwalimu mkuu.