Mto Wenye Samaki Hai Si Lazima Uwe Mzima

Wako watu, na si wachache, ambao wakiambiwa kwamba mto umeingia sumu hujibu upesi: "Mbona samaki wake wako hai?" Hoja hii twaisikia kwa wavuvi, na twaisikia zaidi kwa wenye viwanda, ambao ndio wenye faida nayo. Yafaa tuitazame, kwani haikukosa kweli yote, na kwa hiyo ni nyepesi kuaminiwa.

Ni kweli kwamba iko sumu iuayo papo hapo. Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kemikali la kampuni ya Sandoz, karibu na mji wa Basel katika Uswisi, lilishika moto. Maji yaliyouzima moto ndiyo yaliyochukua dawa za kuulia wadudu, tani kwa tani, pamoja na zebaki, yakaingia nazo katika mto Rhine. Mto uligeuka mwekundu kwa rangi iliyokuwamo ghalani, na mikunga walikufa kwa maelfu. Hapo hapana aliyehitaji kuonyeshwa. Mwaka wa pili yake dola zenye mto huo zilipatana juu ya mpango wa kuusafisha.

Lakini iko sumu nyingine isiyokuwa na rangi, wala haiachi mizoga. Katika Japani uko mto uitwao Agano. Upande wa juu, huko Kanose, kampuni ya Showa Denko ilikuwa na kiwanda kilichotumia zebaki kutengenezea kemikali iitwayo asetaldehidi, na maji yake machafu yakimwagwa mtoni. Katika kazi hiyo sehemu ya zebaki hugeuka methili-zebaki, ambayo huingia katika nyama ya kiumbe na haitoki upesi. Tazama basi mwendo wake. Ukoga hunyonya kidogo. Kijidudu hula ukoga mwingi, akabaki na sumu ya wote alioula. Samaki mdogo hula vijidudu kwa mamia, na mkubwa humla mdogo. Kila daraja sumu huzidi, hata katika samaki alaye wenziwe yaweza kufika mara milioni ya ile iliyomo majini.

Na samaki huyo huogelea, tena ni mnono. Watu waliokaa karibu na mlango wa mto, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka kiwandani, walimvua wakamla. Mwaka 1965 ikatangazwa kwamba wamepatikana na maradhi yale yale yaliyojulikana Minamata tangu 1956: ganzi ya mikono na miguu, macho kuona finyu, ulimi kuwa mzito. Kampuni ilikana, ikasingizia dawa za mashamba na tetemeko la ardhi la 1964. Wagonjwa walishtaki mwaka 1967, na mwaka 1971 mahkama ikawapa haki yao.

Kisha, kuwa hai kwa samaki si kuwa na afya. Shaba kidogo sana majini humpunguzia samoni nguvu ya kunusa, na kwa pua ndiyo hutambua adui na kuujua mto aliozaliwa. Zebaki nayo hudhuru uzazi. Mvuvi haoni mzoga. Huona nyavu nyepesi kuliko za mwaka jana, akalaumu mvua.

Hapa kwetu Kenya, wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Migori hutumia zebaki kukamatia dhahabu. Mto Migori huingia Kuja, na Kuja huingia Ziwa Victoria, ambamo mbuta hula samaki wenziwe, yaani yumo katika daraja ile ya juu. Hatusemi kwamba kila mbuta ana sumu. Kusema hivyo bila ya kupima ni kuwaharibia watu riziki yao. Twasema kwamba atakaye kujua na apime, na asipime maji peke yake, bali matope ya chini na nyama ya samaki mkubwa. Atuleteaye chupa ya maji maangavu, au samaki arukaye ndooni, bado hajaleta ushahidi.