Barua Isilale Mfukoni
Kijitabu cha kaya ambayo mmoja wao ameachishwa kazi

Kila mtaa una mtu anayepiga pasi shati alfajiri, akapanda daladala saa kumi na mbili, ilhali hana anakokwenda. Anashuka Kariakoo, anazunguka, anakaa kijiweni mpaka jua linapoinama, kisha anarudi nyumbani kupewa pole ya kazi. Barua ya kupunguzwa iko mfukoni wiki ya tatu sasa. Nyumbani bado wananunua mafuta kwa dumu, mtoto bado anapanda basi la shule, na mama ameahidi mchango wa harusi ya mdogo wake. Pesa ya mwisho inatumika kwa hesabu za mtu mwenye mshahara.

Tunaanzia hapo kwa sababu hasara nyingi za kupoteza kazi huwezi kuzizuia, lakini hii ya siri inaondoka kwa jioni moja.

Kusema

Mwambie mwenzi wako siku unayopewa barua, au kesho yake. Msiambizane kwa meseji, wala mbele ya wageni. Subiri mpaka watu wamekula, watoto wamelala, kisha weka barua mezani aisome mwenyewe. Wewe unayepokea habari, swali la "sasa tutakula nini?" ni la haki kabisa, ila lina siku yake, na siku yake ni kesho. Usiku huo inatosha kusema, "Nimesikia. Tulale, asubuhi tutapanga." Na yale ya "nilikwambia usigombane na bosi" yabaki moyoni.

Watoto nao waambiwe, maana wameshajua kuna jambo. Watu wazima wakinong'ona, mtoto hudhani kosa ni lake. Maneno yawe machache na ya kweli: "Kazi ya baba imeisha. Anatafuta nyingine. Shule mnaendelea. Kuku wa Jumapili atapumzika kidogo." Kama suala la shule halijulikani, usiliahidi.

Usiondoke mikono mitupu

Hapa watu wengi hupoteza pesa yao kwa aibu au kwa haraka ya kusaini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, inampa anayelipwa kwa mwezi notisi ya siku 28, au malipo badala yake. Likizo ambayo hukuichukua nayo hulipwa. Aliyefanya kazi mfululizo miezi 12 au zaidi ana kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, mradi hakuachishwa kwa utovu wa nidhamu. Tuseme mshahara wako wa msingi ni shilingi 520,000 na unafanya kazi siku sita kwa wiki. Siku moja ni kama 20,000, siku 7 ni 140,000, na kwa miaka sita unafika 840,000. Dai pia cheti cha utumishi. Mwajiri wa kesho atakiuliza.

Ukiona umeachishwa isivyo halali, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA, na una siku 30 tu za kupeleka lalamiko. Mtu aliyeficha barua mfukoni wiki tatu amebakiza siku tisa.

Kisha nenda kwenye mfuko wako wa hifadhi ya jamii: NSSF kwa sekta binafsi, PSSSF kwa watumishi wa umma. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, akapoteza ajira bila kuacha mwenyewe, ana fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara, kwa miezi sita. Kwa mshahara wetu wa mfano ni kama 173,000 kwa mwezi. Haijazi kapu, lakini unga upo. Ndiyo maana usikubali kuandika barua ya "kuacha kwa hiari" ili kumrahisishia mwajiri. Barua hiyo inaweza kukunyima fao hili.

Daftari na kausha damu

Asubuhi ya kupanga, chukueni daftari la mtoto lililobaki kurasa. Ukurasa mmoja andikeni kilichopo: mkononi, kwenye simu, kikoba, mnaowadai. Ukurasa wa pili andikeni kisichosubiri: unga, kodi, dawa, maji, nauli ya kutafuta kazi. Mengine yote yangoje. King'amuzi kisubiri. Michango ya harusi ijibiwe kwa adabu: "Safari hii nitakuja na mikono, si na bahasha."

Mwenye nyumba aambiwe kabla kodi haijaisha. Anayekwenda mwezi mmoja mapema na kuomba kulipa kidogokidogo husikilizwa kuliko anayezima simu. Mweka hazina wa kikoba naye vivyo hivyo.

Mikopo ya kausha damu imepewa jina lake na watu walioionja. Haidai dhamana kubwa, inatoka kwa dakika, na marejesho yake ni ya kila siku au kila wiki, yaani imetengenezwa kwa mtu mwenye pato la kila siku, na wewe huna. Mikopo ya programu za simu inaongeza aibu: baadhi ya wakopeshaji hutuma ujumbe kwa watu waliomo kwenye simu yako. Mkeka wa kubeti tusiupe aya nzima. Anayekutaka utume ada kwanza ndipo upate ajira ni tapeli, iwe ajira hiyo ni ya Dodoma au ya Dubai.

Kiinua mgongo kikiingia, ndugu watasikia, na kila mmoja atakuwa na wazo la biashara. Ushauri wetu, na tunajua wapo watakaoupinga: msinunue bodaboda wala kufungua duka ndani ya miezi miwili ya kwanza. Akili iliyochanganyikiwa hununua ghali. Anzeni na kitu kinachoweza kushindwa kwa shilingi 20,000, kama vitumbua vya asubuhi, na mwone.

Sufuria na dawa

Vyuma vikikaza, watu hukata nyama, kisha mboga, mwishowe wanabaki na ugali na chumvi. Kateni nyama, lakini mboga na maharage vibaki. Dagaa, maharage, mchicha na tembele vinamtosha mtoto kukua. Soda na chai yenye sukari nyingi ndivyo vya kuaga. Mtoto mdogo, mjamzito na anayenyonyesha wasirukishwe mlo hata siku moja.

Dawa za presha na kisukari zisikatwe nusu "ili zifike mwisho wa mwezi". Bima ya kazini ikikoma, mwambie mhudumu wa kituo cha afya cha serikali, muulize dawa ya bei nafuu inayofanya kazi ileile. Dawa za kifua kikuu, za kufubaza VVU na chanjo za watoto hutolewa bure huko.

Siku zinapokuwa ndefu

Mnamo mwaka 1930 kiwanda cha nguo cha kijiji cha Marienthal, Austria, kilikuwa kimefungwa na karibu kila nyumba ilikosa mshahara. Watafiti, akiwamo Marie Jahoda, walikwenda kuwaangalia, na taarifa yao ikatoka 1933. Waliona wanaume wakitembea polepole barabarani, wakisimama kila mara. Muda walikuwa nao tele, lakini maktaba iliazimwa vitabu vichache kuliko zamani, na wakiulizwa wamefanya nini mchana kutwa, walikumbuka machache. Wanawake walitembea haraka zaidi, kwa kuwa kazi za nyumbani hazikufungwa pamoja na kiwanda.

Kwa hiyo baba aliyekaa nyumbani apewe kazi zenye saa: maji alfajiri, mtoto shuleni, barua za maombi saa nne, matembezi jioni. Si adhabu wala dharau. Saa ndizo zilizoondoka na ajira.

Huzuni, hasira na usingizi wa mang'amung'amu ni kawaida wiki za mwanzo. Zikipita wiki mbili mfululizo, mtu hali vizuri, hafurahii hata mpira, amejitenga, au gongo imekuwa kifungua kinywa, huenda ni sonona. Sonona ni ugonjwa na una matibabu. Mpelekeni kituo cha afya. Ngumi zikianza ndani ya nyumba, dawati la jinsia na watoto liko polisi.

Akisema "bora nisingekuwepo" au akianza kugawa vitu vyake, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Asiachwe peke yake, dawa za wadudu na sumu ya panya zikahifadhiwe kwa jirani, na aende hospitali siku hiyohiyo akisindikizwa.

Kwa jirani na ndugu

Ukienda kumjulia hali, usianze na "vipi, umepata?" Atakuwa ameulizwa mara nne tangu asubuhi. Muulize kuhusu Yanga na Simba, mwombe akusaidie kutengeneza mlango, mlipe ulichonacho, na ukipita gengeni mchukulie fungu la tembele.