Mshahara Mkubwa Hautibu Nyumba



Nyumba nyingi zina wimbo mmoja: "Tungekuwa na fedha za kutosha, tusingegombana." Baba huuimba mwisho wa mwezi, mama huuimba shule zinapofunguliwa. Ni kweli kwamba umaskini huleta ugomvi. Lakini je, fedha zikija, ugomvi huondoka? Tutazame maisha ya mtu mmoja aliyezipata kwa wingi, kisha tujiulize juu ya nyumba zetu wenyewe.

Mtu huyo ni Darryl Strawberry wa Marekani. Alikuwa mchezaji wa besiboli, mchezo ambao mmoja hurusha mpira mdogo mgumu na mwingine huupiga kwa gongo la mbao. Pigo linalopendwa kuliko yote ni lile linalouvusha mpira juu ya ua la uwanja. Katika ligi kuu Strawberry alilipiga pigo hilo mara 335.

Fedha zilipokuja

Alizaliwa Los Angeles mwaka 1962, katika nyumba ya watoto watano. Baba yake alikuwa mlevi na alimpiga. Wazazi walitengana Darryl akiwa bado kijana mdogo, na mama akabaki na mzigo wa kuwalea watoto. Mwaka 1980 timu ya New York Mets ilimchagua wa kwanza kabisa kati ya vijana wote wa nchi ile waliokuwa wakingojea kusajiliwa. Mwaka 1983 akawa mchezaji chipukizi bora wa ligi yake, na mwaka 1986 timu yake ikatwaa ubingwa. Novemba 1990 alitia sahihi mkataba na timu ya Los Angeles Dodgers: dola milioni 20.25 kwa miaka mitano.

Sasa tutazame nyumbani kwake. Januari mwaka uleule wa 1990, polisi walimkamata baada ya ugomvi na mke wake wa kwanza. Hakufikishwa mahakamani, lakini siku chache baadaye aliingia katika kituo cha kutibu walevi. Mkataba ule mkubwa ulikuja miezi kumi tu baadaye. Kwa macho ya watu, mambo yalikuwa yamenyooka. Kumbe nyumba ilikuwa na ufa, na fedha zilikuwa rangi iliyopakwa juu ya ufa huo.

Ndoa ile ilivunjika. Mwaka 1994 aliingia tena kwenye matibabu, safari hii kwa ajili ya dawa za kulevya, na Dodgers wakaachana naye kabla mkataba haujaisha. Mwaka 1995 alifungiwa siku 60 kwa sababu ya kokeini. Ndoa ya pili nayo haikudumu. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba sifa na fedha hazikuponya jeraha alilolipata kwa baba yake. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kilichofichwa hufichuka

Strawberry alikuwa akilipwa fedha taslimu kwa kutia sahihi yake kwenye mipira na picha za mashabiki. Mapato hayo hakuyatangaza kwa watoza kodi. Mwaka 1995 alikiri kosa hilo, akahukumiwa kifungo cha nyumbani cha miezi sita na kuamriwa kulipa kodi aliyokwepa.

Kuna jambo lingine la kutufundisha. Mkataba wake wa mwaka 1985 ulikuwa umeweka akiba: sehemu ya mshahara alipwe kidogo kidogo miaka ya baadaye. Ulikuwa mpango wa busara. Lakini Januari 2015 serikali ya Marekani ilipiga mnada haki ya kupokea malipo hayo, ikauzwa kwa dola milioni 1.3 kufidia kodi aliyokuwa anadaiwa. Sehemu ya deni hilo ilikuwa ya miaka ya 1989 na 1990. Robo karne ilipita, deni likamkuta. Dawa ya deni ni kulipa.

Ndugu msomaji, labda hatuna mamilioni, lakini tabia hii ya kuficha tunaijua. Kuna baba ambaye mke wake hajawahi kuiona karatasi yake ya mshahara. Kuna mama aliyechukua mkopo wa chama, na baba atajua siku wadai watakapobisha mlangoni. Asiyejua kinachoingia na kinachotoka hawezi kumwonya mwenzake mapema. Atakuja tu kulia naye baadaye.

Safari ya kurudi

Mwaka 2002 Strawberry alifungwa gerezani, akakaa miezi 11. Baadaye alikutana na Tracy, mwanamke ambaye naye alikuwa ametoka katika dawa za kulevya. Hata hapo aliendelea kuanguka. Wote wawili wamesimulia hadharani jinsi Tracy alivyomfuata kwenye nyumba za dawa hizo na kumtoa. Fedha zilikuwa zimekwisha, wakaishi katika chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wa Tracy, jimbo la Missouri. Walifunga ndoa mwaka 2006, na baadaye wakaanzisha huduma ya kuhubiri. Juni 2024, Mets waliamua kwamba hakuna mchezaji wao mwingine atakayevaa namba yake, 18.

Sisi Wakatoliki hatusomi habari hii ili kusifu kuachana na kuoa tena. Tunaisoma tuone kazi ambayo haikufanyika alipokuwa tajiri, ikaja kufanyika katika chumba cha kuazima. Kazi hiyo ni kusema ukweli mbele ya mtu asiyekubali kuufunika.

Tusichanganye uvumilivu na kuficha. Mke anayemwombea mumewe ruhusa kazini akidai ana malaria, kumbe amelewa, hamsaidii. Mume anayelipa madeni ya siri ya mkewe bila kuuliza chanzo chake hamsaidii. Na penye kipigo, anayepigwa atoke kwanza na watoto wawe salama. Mazungumzo yatafuata, tena mbele ya mtu wa tatu: padre, mshauri, au wasimamizi wenu wa ndoa.

Zoezi la mume na mke

Chagueni jioni moja juma hili, watoto wakiisha kulala. Kila mmoja ajibu kwa zamu, na mwenzake asimkatize.

1. Nyumbani kwetu tulikozaliwa, fedha na hasira zilishughulikiwaje? Ni kitu gani nimekileta katika ndoa yetu?
2. Ni mapato gani au deni gani ambalo mwenzangu halijui?
3. Ni tatizo gani tunalosema "litaisha tukipata fedha"? Je, lilikuwapo hata zilipokuwapo?
4. Kama mmoja wetu ananaswa na pombe, kamari au dawa, ni nani tutakayemwendea pamoja, na siku gani?

Swali la pili ndilo gumu. Anayelijibu asihukumiwe jioni hiyohiyo. Andikeni kiasi chote kwenye karatasi moja, mkubaliane mtaanza kulipa kipi kwanza, na karatasi hiyo ikae mahali ambapo nyote wawili mtaiona.