Gari la Kubeba Jamaa Nzima: Tununue Lipi?

Mtu mwenye watoto saba, mama mzazi na yatima wa marehemu kaka yake hawezi kuwapakia wote kwenye gari dogo. Kila msiba na kila kufunguliwa kwa shule hukodi gari la watu, na mwisho hujiuliza: kwa nini nisikope kwenye SACCO ninunue langu? Wazo si baya. Lakini mkopo huo utakatwa kwenye mshahara kila mwezi, gari liwe linatembea au limewekwa juu ya mawe. Ndiyo sababu ya somo hili.

Kwanza tuhesabu watu, si viti. Toyota Wish na Sienta huuzwa kwa jina la viti 7, lakini safu ya nyuma inawafaa watoto tu, na wakishakaa hapabaki pa kuweka gunia la mahindi. Noah, Voxy na Nissan Serena huchukua watu 7 au 8, na mlango wao wa kuvuta kando huwasaidia wazee. Jamaa wakizidi hapo, ni HiAce, ile ile tunayoiita matatu upande wa Kenya na teksi upande wa Uganda.

Wapo wanaosema HiAce ni ya biashara, haifai nyumbani. Sisi hatukubaliani nao. Kutoka Tororo hadi Malaba na Busia, fundi asiyeijua ni wa kutafutwa, na spea zake zipo, mpya na zilizotumika. Ikizima jioni huko Nagongera atapatikana mtu wa kuifungua. Ubaya wake ni kwamba nyingi zinazouzwa zimekwisha kuchoshwa na abiria. Tazama sakafuni kama kuna mashimo ya boliti za viti vilivyong'olewa. Tazama ubavuni chini ya rangi mpya, maana tangu Februari 2004 matatu za Kenya zililazimishwa kupakwa mstari wa manjano, na alama yake haifutiki upesi. Kanyagio la breki likiwa limelika na saa inaonyesha kilometa 60,000, basi saa hiyo imerudishwa nyuma.

Kwa Noah, uliza injini. Nyingi za 2001 hadi 2007 zina injini ya D-4, ambayo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu yenye nguvu nyingi. Injini hii haivumilii uchafu. Nasi watu wa mpakani tunaijua petroli ya mitungi, inayotiwa maji au mafuta ya taa! Pampu ikifa, akiba ya miezi imekwenda. Noah zilizoanza kutoka 2007 ziliacha mpango huo. Serena nyingi nazo zina giaboksi ya mkanda, inayotaka oili yake maalum. Fundi akitia oili yoyote, giaboksi huharibika.

Sasa namba ya gari, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Kenya hupokea gari la nje lisilozidi miaka 8. Uganda, kwa sheria ya 2018, hukataa lililofikisha miaka 15. Basi gari la miaka 12 linaweza kuwa halali Tororo, na mwenzetu wa Busia ya Kenya akavutwa na bei. Kwa kawaida hawezi kuliandikisha kwao. Gari lenye namba ya nchi ya pili huingia kwa kibali cha muda cha forodha tu. Kibali kikiisha, gari linaweza kukamatwa huku mkopo ukiendelea kukatwa. Nunua gari la upande unaoishi, na kabla ya kutoa fedha hakikisha katika ofisi ya kuandikisha magari kwamba muuzaji ndiye mwenye gari.

Nenda kulitazama asubuhi injini ikiwa baridi, na fundi wako, si wa muuzaji. Usimalize mkopo wote kwa bei. Bakiza fedha za tairi, breki na bima. Mwenye shemeji ng'ambo ya mpaka anahitaji pia kadi ya njano ya COMESA. Aikate mapema kwa kampuni yake ya bima, asije akaitafuta mpakani usiku, watoto wamelala garini.