Bastola ya kwanza

*Nina duka Machame na nalala na mauzo nyumbani. Nataka bastola, nichague ipi? – Baba wa wawili*

Hofu yako naielewa, lakini kibali kwanza. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 hairuhusu kununua bila leseni. Anzia serikali ya kijiji, kisha polisi wa wilaya, Bomang'ombe. Ukipewa, chagua inayoenea kiganjani, nawe ufundishwe kuitumia. Kabla ya kuihifadhi, toa magazini, kisha chungulia chemba: risasi moja huweza kubaki humo, na ndiyo huua. Usiifiche chini ya godoro; watoto wanapajua. Nunua kasha la chuma, risasi zifungie kando. Ukinywa mbege, usiiguse. Ikipotea, ripoti polisi mara moja. Na mauzo, tafadhali, yaweke benki kila jioni; mwizi anafuata fedha.